Baba watoto anataka kuwapeleka wanetu kwenye mawimbi ya Pangani, na mimi naogopa maji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi, nina miaka 37. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11, wa pili ni wa kike, ana miaka 7. Baba watoto ni mtu wa Muheza, mimi nimezaliwa Kibosho. Tunaishi vizuri na sina kesi naye. Kinachoninyima usingizi ni safari.

Likizo ya Juni amepanga twende Ushongo, kule Pangani ng'ambo ya mto, tukae siku nne. Anasema ni ufukwe wa kimya, hauna muziki wala walevi, mchanga mrefu na minazi, na mawimbi yake ni ya kiasi, yanafaa watoto. Ameshanunua vibao viwili vya sponji, vile ambavyo mtoto analalia kwa tumbo wimbi likamsukuma hadi mchangani. Mdogo wake na mkewe watatoka Tanga mjini na watoto wao wawili, na sisi tutamchukua mtoto wa wifi yangu mkubwa, kijana wa miaka 14. Ukihesabu, ni watoto watano. Kibaya zaidi, watoto aliwaambia kabla ya kuniambia mimi. Mdogo anaamka kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi.

Mkubwa amefundishwa kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, anavuka upana wa bwawa bila kusimama. Mdogo anaogelea na zile puto za mikononi. Yule wa miaka 14 anasema anajua, lakini hakuna aliyewahi kumuona ndani ya maji.

Desemba iliyopita tulikwenda Chemka, kule kwenye chemchemi. Mkubwa alifuata upande ambao maji yanatokea kuelekea mtoni, akataka kurudi, akashindwa. Kijana mmoja aliyekuwa karibu akamshika mkono akamvuta. Lilikuwa jambo la muda mfupi sana. Baba yake alikuwa amekaa hatua chache tu, anaongea na simu, hakuona kitu. Nilipomwambia alinijibu, "Si ametoka?" Tangu siku hiyo kila nikisema neno kuhusu maji ananiambia nina woga wa watu wa mlimani.

Shangazi, kuna jambo sijawahi kumwambia. Nikiwa darasa la tano, rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja alichukuliwa na mto uliokuwa chini ya kijiji chetu, wakati wa masika. Tulikuwa tumetoka shule pamoja. Mimi nilipita darajani, yeye akakatiza kwenye mawe. Tangu hapo sijaingia kwenye maji yanayopita magoti.

Nimewaza kukataa safari kabisa. Nimewaza waende wao, mimi nibaki. Nimewaza niende lakini watoto wasivuke vifundo vya miguu, na baba yao akasema kama ni hivyo bora tubaki Moshi wakaogee kwenye beseni. Mama yangu anasema maji usiyoyafika hujui wingi wake, niachane nayo. Wifi yangu wa Tanga anacheka, anasema watoto wa pwani wamekulia humohumo na hawajafa. Sitaki kuwanyima wanangu kitu ambacho baba yao alikua nacho. Sitaki pia kuwa mama aliyejua hatari akanyamaza ili asichekwe. Na kama kitu kikitokea, mimi nisiyejua kuogelea nitafanya nini zaidi ya kupiga kelele?

Naomba ushauri wako.

Mama wa Wawili, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwanza kwa rafiki yako. Mtoto wa darasa la tano kuubeba msiba kama huo, halafu akakua nao hadi akawa mama bila kumwambia hata mumewe, ni mzigo mkubwa.

Kwa nilivyokuelewa, mambo matatu yameshikana hapa. Kuna bahari yenyewe na hatari zake za kweli. Kuna mume aliyewaahidi watoto kabla ya kukaa na wewe. Na kuna ule mto wa Kibosho. Kila ukisema "naogopa" unayasema yote matatu kwa pamoja, yeye anasikia moja, anakujibu kwamba mawimbi ni madogo. Ndiyo maana mazungumzo yenu hayasogei. Tuyatenganishe kidogo.

Nianze na Chemka, kwa sababu umeitaja kwa haraka, kana kwamba ni sehemu ya woga wako. Mimi naona ni kitu ulichokishuhudia kwa macho. Bwawani maji yamekaa, mtoto anavuka akijua ukingo uko palepale alipouacha. Chemka maji yanabubujika kutoka chini na muda wote yanatafuta pa kutokea, kwa hiyo mwanao alikwenda kwa urahisi, na kurudi kukamshinda. Hakuwa mtundu wala mchovu. Alikutana kwa mara ya kwanza na maji yanayotembea. Maji hayohayo, kwa taarifa yako, yanaingia Mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, yakitoka hapo ni Mto Pangani, na yanamwagikia baharini hukohuko mnakotaka kwenda. Baharini sasa maji yanatembezwa na kujaa na kupwa, na wimbi, na upepo, yote kwa wakati mmoja. Kuvuka upana wa bwawa ni mwanzo mzuri, na watoto wengi hawana hata huo, lakini hautoshi kusema mtoto "anajua kuogelea" anapofika ufukweni.

Na ile simu. Watu wengi wanaamini mtoto anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Mdomo wake unazama na kuibuka usawa wa maji, na kila ukiibuka anawahi kuvuta pumzi tu, hana nafasi ya kuita. Kichwa kimelalia nyuma, mwili umesimama wima, miguu haipigi. Aliye mbali anadhani anacheza. Jambo zima linaweza kuisha ndani ya dakika moja. Mumeo hakuona kwa sababu hakukuwa na cha kusikia, na hilo linaweza kumpata baba yeyote mwenye mapenzi. Ukimweleza hivyo, badala ya kumkumbusha kwamba alikuwa kwenye simu, huenda akakusikiliza.

Hapo nakuja kwenye neno lake "kimya". Ni kweli, ufukwe wa kimya una raha yake kwa familia: hakuna pikipiki za majini, hakuna umati wa kukupotezea mtoto. Lakini utulivu huo una upande wake wa pili. Usitegemee mwokoaji aliyekaa kwenye kiti anaangalia maji. Kijana wa kumshika mkono mwanao kama Chemka huenda hayupo. Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya pili ya mto, na kutoka Ushongo ni kilomita kumi na kitu kabla hata ya kuvuka. Kwa hiyo muulize mumeo maswali ya kawaida kabisa: usiku tukihitaji kuvuka tunavukaje, gari litakuwepo au litakuwa limewapeleka wengine mjini, na simu inashika mtandao pale ufukweni? Namba ya dharura 112 haina faida kama simu haishiki.

Sasa bahari. Mumeo hakosei anaposema mawimbi ni ya kiasi. Mbele ya pwani ile kuna miamba ya matumbawe, na Pemba iko ng'ambo, hivyo mawimbi mengi huvunjikia nje na yanayofika mchangani yamepungua nguvu. Anachokisahau, au pengine anakijua kwa mwili wake tu bila kukitamka, ni kwamba ufukwe uleule hubadilika kwa saa na kwa msimu. Juni ni kusi. Upepo wa kusi unapanda kadiri jua linavyopanda, na alasiri maji yanakuwa na vurugu kuliko asubuhi. Desemba na Januari ni kaskazi, na kati ya kusi na kaskazi kuna matlai, ambapo bahari kwa kawaida hutulia zaidi. Tena Juni masika yameisha punde, mto bado unaweza kuwa unaleta tope. Karibu na mlango wa mto pasiwe pa kuogelea hata kidogo, kwa mkondo na kwa sababu huoni kilicho chini.

Kujaa na kupwa ndiko watu wa Moshi wanakokudharau zaidi, kwa sababu sisi tumezoea maji ambayo kimo chake ni kilekile asubuhi na jioni. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita 3 na zaidi. Nusu mwezi kuna maji mafu, tofauti ni ndogo na mikondo hupungua nguvu. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa mnamo saa nne asubuhi.

Ona maana yake kwa watoto. Bamvua, saa nne asubuhi, bahari imekwenda mbali, watoto wanatembea hadi kwenye mwamba kuangalia viumbe kwenye vidimbwi. Ni raha kubwa. Lakini maji yakianza kurudi hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo, saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia. Kama tofauti ni mita 3, katika saa hizo mbili peke yake yanapanda mita moja na nusu, yaani yanaweza kumfunika mwanao wa miaka 11. Na hayaanzi kujaa mbele yao tu, huingia kwanza kwenye mabonde ya mchanga nyuma yao. Anayechezea mwambani aanze kurudi maji yanapogeuka, asisubiri yamfikie miguuni. Saa kumi alasiri, yakiwa yamejaa na kusi limepanda, wimbi linapita juu ya mwamba na kuvunjikia kwenye mteremko wa mchanga wenyewe. Wimbi la namna hiyo, hata likiwa dogo, linamkandamiza mtoto kichwa chini. Si saa ya vibao.

Mkikubaliana kwenda, basi siku zenyewe zina uzito kuliko hoteli. Maji mafu mwezi wa Juni yanakupa maji ya kutosha juu ya mchanga mida ya saa tatu na saa nne, kabla upepo haujapanda. Hapo watoto hawakanyagi matumbawe, na mkondo ni dhaifu. Huhitaji mtaalamu kukuhesabia. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha: kuanzia tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo ni maji mafu. Shemeji zako wa Tanga wanayo ukutani. Kisha mvuvi wa palepale Ushongo akuhakikishie asubuhi.

Jambo jingine la kumuuliza mvuvi ni wapi maji yanatokea. Mawimbi yanasukuma maji ndani ya mwamba, na maji hayo lazima yarudi nje, yanapita kwenye milango ya mwamba au kwenye mabonde ya mchanga, hasa yanapopwa. Mkondo huo unamvuta mtu kwenda nje. Unautambua hivi: kulia na kushoto mawimbi yanavunjika na kutoa povu, katikati kuna kipande kimetulia, rangi imekolea, au mchanga na majani vinaelea kuelekea nje. Wazazi wageni hukichagua kipande hichohicho wakidhani ndicho salama kwa mtoto. Watoto wafundishwe nyumbani, kabla ya safari, wakariri: ukivutwa, usishindane. Lala chali, elea, inua mkono mmoja, ita. Mkondo hauvuti mtu chini, unampeleka nje tu, na mbele huko unalegea. Anayeweza kuogelea aende sambamba na ufukwe mpaka aone povu, halafu wimbi limrudishe. Wanaozama kwenye mikondo hiyo wengi wao ni waliochoka kwa kupigana nayo.

Kuhusu vibao, kuna namna ya kuvitumia, na sidhani kama aliyeviuza aliieleza. Mtoto asimame maji yakiwa kiunoni mwake yeye, si kiunoni mwa baba. Asubiri wimbi lililokwisha kuvunjika, lile povu jeupe, kisha ajitupe juu ya kibao kuelekea mchangani na kushuka maji yakiwa magotini. Akienda hadi mwisho, pua ya kibao inajichimbia mchangani na yeye anarushwa mbele. Anaporudi ndani akishike ubavuni. Asikiweke kamwe kati yake na wimbi, kitampiga usoni au tumboni. Kila kibao kiwe na kamba ya kufunga mkononi au mguuni. Na hakuna kuruka kichwa mbele, popote pale, kwa sababu mchanga unahama usiku na kina cha jana si cha leo.

Zile puto za mikononi za binti yako zibaki Moshi. Zinavuja, zinavuka kwenye kiwiko mtoto akinyoosha mikono, na zinampa yeye na wewe imani isiyo na msingi. Mtafutieni jaketi la kuokolea la uzito wake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu. Mvalishe, mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, halimfai. Vilevile tyubu la gari na mipira ya kujaza upepo vibaki Moshi. Alfajiri na asubuhi mapema umande, yaani upepo wa saa hizo, unavuma kutoka nchi kavu, na tyubu lenye mtoto linakwenda nje kimyakimya huku mtu mzima akidhani mtoto anacheza tu.

Sasa wewe. Umeuliza utafanya nini zaidi ya kupiga kelele. Hapo, mwanangu, naomba nikupinge kidogo. Unaamini kwamba asiyejua kuogelea hana kazi ufukweni. Mimi naona kazi kubwa kuliko zote pale haihitaji kuingia kwenye maji. Watoto watano, watu wazima wanne: mmoja lazima awe anaangalia tu. Hana simu, hasimulii hadithi, hakaangi samaki. Anahesabu vichwa, moja hadi tano, mara kwa mara. Mpokezane kila dakika 15 au 20, na kupokezana kuwe kwa maneno: "Sasa zamu yako." Ajali nyingi hutokea watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Ila pamoja na mwangalizi wa mchangani, lazima awepo ndani ya maji mtu anayeweza kuogelea, karibu kiasi cha kumfikia binti yako kwa mkono.

Na una cha kurusha. Chukua dumu tupu la lita 5, acha maji kidogo ndani lipate uzito wa kuruka, funga kifuniko sawasawa, fungia mpini kamba imara ya mita 15. Fanya mazoezi uwanjani kwenu Moshi, ukilenga ndoo. Rusha lipite nyuma ya mtu kisha livute limfikie. Lala chini au kaa unapovuta, usije ukavutwa wewe. Usimfuate ndani, hata akiwa mwanao. Najua ninachokuomba hapo, na najua moyo wa mama. Lakini asiyejua kuogelea akiingia, wa kuokolewa wanakuwa wawili. Mtoto akitolewa akiwa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano kwanza, kisha kandamiza kifua katikati mara 30, pumzi mbili, na kuendelea bila kukata tamaa. Jifunze kwa mikono kabla ya safari. Muulize muuguzi wa zahanati yenu, au watu wa Msalaba Mwekundu. Na aliyetolewa akiwa amekunywa maji, hata akisema yuko sawa, akiendelea kukohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Turudi kwenye njia ulizoziwaza.

Kukataa kabisa ni haki yako, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Hasara yake ni kwamba mkubwa ana miaka 11. Miaka minne mitano ijayo atafika baharini na wenzake, bila wewe, bila jaketi, na bila mtu wa kumfundisha mkondo ni nini. Baba yake naye atabaki na jibu lake la watu wa mlimani.

Waende wao, wewe ubaki: utalinda moyo wako usione, lakini utakuwa umeondoa macho yaliyoona Chemka. Kama ndiyo njia, basi wifi yako na shemeji yako wakubali zamu za kuangalia kabla hujafunga mabegi, na watoto majini kwa wakati mmoja wawe wawili. Yule wa miaka 14 nina wasiwasi naye kuliko binti yako. Mdogo kila mtu anamtazama. Kijana aliyesema anajua, akifika mbele ya binamu zake wa Tanga, hatakubali kusema hajui. Apelekwe bwawani wiki hii, aelee chali dakika mbili na aogelee mita 25 mbele ya mtu mzima. Akishindwa bora aibu aipate Moshi.

Vifundo vya miguu tu: hii naona itawachosha nyote. Watoto wenye vibao vipya hawatabaki vifundoni siku nne, na wewe utageuka askari. Labda kiuno cha kila mtoto, mida ya asubuhi tu, alasiri ni mchanga na kandanda. Hiyo unaweza kuijadili na baba yao.

Kuna na njia ambayo hukuitaja: kuahirisha hadi Desemba, upepo ukiwa wa kaskazi, na miezi hii wote mkaendelea na bwawa, wewe ukiwemo. Ndiyo, wewe. Kuelea chali ni kitu mtu mzima anajifunza kwa wiki chache, na maji ya chumvi yanambeba mtu vizuri kuliko ya bwawani. Hatari ya njia hii ni ahadi. Binti anayehesabu siku atalia, na mumeo anaweza kuona umemshinda kwa ujanja. Kama mtaahirisha, yeye aliyeahidi ndiye awaambie watoto, asikuache wewe ubebe lawama.

Watakaotaka kwenda kisiwa cha Maziwe kwa boti, hilo ni jambo la kuamua peke yake. Ni fungu la mchanga lisilo na mti wa kivuli, bamvua likijaa linafunikwa, na kila mtoto lazima awe na jaketi linalomtosha kabla ya boti kuondoka.

Mengine ni madogo lakini yanaharibu safari. Mnaondoka Moshi alfajiri, Same, Mombo, Korogwe, mkikunja Segera kwenda Muheza mtakuwa mmechoka, kwa hiyo siku ya kufika watoto wasiingie majini. Viatu vya mpira vya kufunga, kwa ajili ya miiba myeusi ya viumbe wa mwambani. Watembee kwa kuburuta miguu, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia mchangani, akimbie kabla hajakanyagwa. Akichomwa na taa au miiba, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, hadi maumivu yapungue, na mtu mzima ayapime kwa mkono wake kwanza. Fulana za mikono mirefu majini, kivuli kuanzia saa tano hadi saa tisa. Kanga mkipita Pangani mjini, ni mji wa Waislamu na wa heshima zake. Na chandarua kila usiku: watoto waliokulia mlimani hawana kinga ya malaria kama binamu zao wa Tanga. Homa yoyote ndani ya mwezi baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo, asisingiziwe mafua ya safari.

Limebaki lile la darasa la tano. Sitakuambia umwambie lini. Ila fikiria hili: mumeo anapokutania kuhusu watu wa mlimani, anamtania mtu asiyemjua vizuri kwa jambo hili, kwa sababu hujampa nafasi ya kumjua. Ukimwambia anaweza kunyamaza na kukushika mkono. Anaweza pia, mwanzoni, akasema neno la kijinga, wanaume wengine huziba huzuni kwa maneno. Chagua siku ambayo hamjabishana kuhusu safari, watoto wakiwa wamelala, na usilitumie kama hoja ya kushinda. Mwambie tu kilichotokea, na jina la rafiki yako. Vibao, tarehe na pesa vijadiliwe siku nyingine, mkiwa na kalenda mbele yenu na wifi yako kwenye simu.